Kuchongesha Nyimbo Kwenye Santuri: Mwongozo kwa Ma-DJ wa Nakivale na Mbarara

Santuri ya kuchonga hutengenezwa moja moja. Wimbo huchezwa, sauti yake hupelekwa kwenye mashine yenye kisu chembamba sana, na kisu hicho huchimba mfereji kwenye sahani inayozunguka chini yake. Wimbo wa dakika 5 huchukua dakika 5 kuchongwa, hakuna njia ya mkato. Santuri za kiwandani ni habari nyingine: hizo hushindiliwa kwa joto na mashinikizo kutoka kwenye kibao cha chuma, na viwanda vingi havipokei oda ya chini ya nakala 100, vingine 300. DJ wa Misiera, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, au mwenzake wa Mbarara mjini, anayetaka nakala moja au mbili za wimbo uliorekodiwa studio ya jirani, hana shughuli na kiwanda. Anayemhitaji ni fundi wa kuchonga.

Ufundi huu ulikulia Jamaika. Miaka ya 1950 na 1960 wenye mitambo ya muziki ya Kingston walichongesha nyimbo kwenye sahani laini kabla hazijauzwa madukani, ili usiku wa dansi wapige kitu ambacho mshindani hana. Osbourne Ruddock, maarufu kwa jina la King Tubby, fundi wa redio, aliwahi kumchongea Duke Reid, mmoja wa wenye mitambo hao, sahani za namna hiyo kabla hajawa bingwa wa muziki wa dub. Baadaye waimbaji wakaanza kulipwa ili warudie wimbo wao huku wakilitaja jina la mtambo fulani. Kwa Wakongo wa Nakivale jambo hilo si geni hata kidogo, maana mabanga ya wanamuziki wa Kinshasa huenda kwa mtindo huohuo: anayelipa hutajwa jina katikati ya wimbo. Sahani hizo, dabupleti kama zinavyoitwa na ma-DJ, zilivuka bahari hadi London, zikawa silaha ya ma-DJ wa muziki wa jungle miaka ya 1990, na mwaka 1995 Berlin ikapata studio yake ya Dubplates & Mastering, ambayo bado inatajwa kwa heshima na watu wa kazi hii.

Kabla ya kuuliza bei, DJ achague wimbo. Nyimbo nyingi hazistahili gharama hii. Wimbo wa Diamond Platnumz au wa Fally Ipupa unaopatikana kwa kila mwenye simu haupati thamani mpya kwa kuchongwa, na kumbi za Mbarara haziulizi umetoka kwenye chombo gani. Kinachostahili ni kile ambacho hakipatikani kwingine: biti aliyotengeneza DJ mwenyewe, toleo la ala tupu alilopewa na mtayarishaji, wimbo wa mwimbaji wa Nakivale aliyekubali kutaja jina la DJ, au mchanganyiko wa sebene na singeli ambao hakuna mwingine anao. Kwa muziki mwingine wote, santuri za msimbo zinatosha na ni nafuu. Hizi ni santuri mbili za plastiki zenye mlio wa kuongozea programu. DJ huzishika na kuzirudisha nyuma kwa mkono kama santuri ya kawaida, huku wimbo wenyewe ukitoka kwenye kompyuta. Kampuni ya Serato ilitoa mfumo wake wa Scratch Live mwaka 2004, na tangu hapo hakuna sababu ya DJ wa kuhingira (sherehe ya kumuaga bibi harusi), harusi au sherehe ya mahafali kubeba masanduku ya santuri kwenye bodaboda. Santuri tatu au nne za kuchongwa, pamoja na jozi moja ya santuri za msimbo, ni mfuko unaomtosha DJ wa kawaida.

Sahani zenyewe ni za aina mbili kubwa. Ya kale ni ya laka: bamba la alumini lililopakwa laka ya nitroselulosi, laini kiasi kwamba kisu chenye moto kidogo huikata kama siagi na kuacha uzi mwembamba unaofyonzwa na bomba kabla haujamzingira fundi. Sauti ya laka ikiwa mpya ni safi mno. Ubaya wake ni kuchakaa: kila sindano inapopita hula kidogo cha mfereji, na baada ya kuchezwa makumi kadhaa ya mara sauti za juu zimefifia na mchakacho umeingia. Kuiburuza mbele na nyuma kwa mkono ni kuiua. Aina ya pili ni plastiki ngumu, yaani vinili yenyewe au polikaboneti, inayochongwa kwa kisu cha almasi. Hii huvumilia kuchezwa na kuburuzwa karibu sawa na santuri ya kiwandani, ingawa polikaboneti ya fundi asiye hodari huwa na uvumi wa chinichini unaosikika mahali wimbo unaponyamaza. Kwa DJ wa Nakivale jibu ni jepesi: aagize vinili, asidanganyike na sifa za laka. Laka nayo imekuwa adimu tangu tarehe 6 Februari 2020, siku kiwanda cha Apollo Masters kilipoteketea kwa moto huko Banning, California. Mtengenezaji mkubwa aliyebaki alikuwa MDC wa Japani.

Ukubwa na kasi huamua muda, na muda huamua ukubwa wa sauti. Mfereji wenye sauti kubwa huyumba sana kushoto na kulia, kwa hiyo hula nafasi. Wimbo mrefu ukilazimishwa kwenye sahani ndogo, fundi hana budi kupunguza sauti ili mifereji isigongane. Sahani ya inchi 7 kwa mizunguko 45 hubeba dakika 4 au 5 kwa upande. Ya inchi 10, ambayo ndiyo saizi ya jadi ya dabupleti, hubeba kama 8 kwa kasi hiyohiyo. Ya inchi 12 kwa mizunguko 45 hufika dakika 10 na zaidi kidogo bila kunyongwa. Wanamuziki wa Kongo waliohamia Nairobi walilijua tatizo hili vizuri. Samba Mapangala, aliyepitia Uganda miaka ya 1970 na kundi la Les Kinois kabla ya kuhamia Nairobi, na wenzake wa rika lile, walitoa nyimbo zao kwenye santuri za 45 zilizogawanywa: upande wa kwanza maneno, upande wa pili sebene. Msikilizaji wa nyumbani aligeuza santuri, wachezaji wakangoja. DJ wa leo hana sababu ya kurudia mateso hayo. Wimbo wenye sebene ndefu uende kwenye inchi 12, upande mmoja, na upande wa pili uwekwe ala tupu.

Kuna jambo jingine kuhusu nafasi ambalo mafundi hulijua na wateja hulisahau. Sahani inazunguka kwa kasi ileile, lakini mfereji wa nje ni mrefu kuliko wa ndani. Kwenye santuri ya inchi 12 kwa mizunguko 33, sindano karibu na ukingo hupita takriban sentimita 51 za mfereji kwa sekunde. Karibu na lebo hupita kama 21 tu. Sauti zote zinabanwa kwenye nafasi isiyofika nusu, na za juu ndizo zinazoumia. Ukitaka kuweka nyimbo mbili upande mmoja, ile yenye matoazi makali na sauti ya kike ya juu ianze, na ile tulivu imalizie ndani.

Kasi hiyohiyo inatoa zawadi kwa DJ mwenye kichwa cha hesabu. Fundi anaweza kuchonga mfereji uliofungwa, yaani duara moja linalojirudia bila mwisho hadi sindano inyanyuliwe. Kwa mizunguko 45 duara moja huchukua sekunde 1.33, ambamo yanaingia mapigo manne ya kasi ya 180 kwa dakika. Hapo ndipo singeli ya Dar es Salaam inapoanzia. DJ akisogeza kidhibiti cha kasi hadi asilimia 8 juu, anapata 194. Mifereji kumi iliyofungwa ya ngoma tupu, kila mmoja na mdundo wake, ni chombo cha kazi ambacho kompyuta haina namna ya kukifanya kiwe na ladha ileile mkononi.

Sehemu inayoharibu santuri nyingi ni faili lenyewe. Fundi wa kuchonga hawezi kurudisha kilichopotea. Wimbo uliochukuliwa kwenye kibanda cha kuwekea nyimbo kwenye memori kadi, ukiwa MP3 iliyokwisha kubanwa mara tatu, utachongwa na kasoro zake zote, na spika kubwa zitazitangaza. Mtayarishaji aombwe WAV ya biti 24 iliyotoka moja kwa moja kwenye programu yake, iwe FL Studio au nyingine. Wimbo wa dakika 5 wa namna hiyo kwa sampuli 44,100 hufika takriban megabaiti 80. Ni mzigo kwa bando la Nakivale, na kishawishi ni kuutuma kama sauti ya kawaida ya WhatsApp. Utumwe kama hati, au upandishwe usiku mjini Mbarara penye Wi-Fi, au upelekwe kwa flashi hadi mahali penye mtandao mzuri. Kwa vyovyote ufike mzima.

Besi ndiyo inayohitaji jicho kali kuliko yote. Kwenye mfereji wa stereo, sauti iliyo sawa pande zote mbili hukisogeza kisu kushoto na kulia, na tofauti kati ya pande mbili hukisogeza juu na chini. Besi iliyopanuliwa kwa vikolombwezo vya stereo, au iliyopinduliwa upande mmoja, hukinyanyua kisu hadi mfereji unakuwa mwembamba kama ukucha, na sindano ya DJ ikifika hapo inaruka. Kwa hiyo kila kitu chini ya hezi 100 hadi 150 kiwe mono. Kipimo ni rahisi hata bila vifaa vya kupimia: wimbo uchezwe kwa kitufe cha mono kwenye spika zinazotoa besi. Besi ikitoweka, mtayarishaji arudi kazini.

Adui wa pili ni herufi za mlio: s, sh, ch, z. Kiswahili kimejaa, na mwimbaji anayesema "sisi," "shida" na "machozi" mdomo ukiwa umegusa maikrofoni atatoa milio inayogeuka mchakacho kwenye santuri, hasa upande wa ndani. Kuna programu za kupunguza milio hiyo, nazo zitumike kwenye sauti ya mwimbaji peke yake, kabla haijachanganywa na ala. Matoazi makali nayo ni vilevile, kwa kuwa sauti za juu hupasha joto koili za kichwa cha kuchongea, na fundi akiona hatari hupunguza wimbo mzima.

Jambo la tatu huwashangaza watayarishaji vijana. Wimbo uliobanwa hadi ukawa tofali, bila kupanda wala kushuka, hautoki na nguvu zaidi kwenye santuri. Mara nyingi hutoka dhaifu, kwa kuwa fundi hapati nafasi. Kilele kisizidi desibeli 3 chini ya ukomo, na kibanio cha mwisho cha masta kiondolewe au kilegezwe. Nguvu ataiweka fundi wakati wa kuchonga. Ndiyo kazi anayolipwa.

Oda hupelekwa kwa mtandao, kwani mafundi wengi wanaopokea kazi za nakala moja wako Ulaya na Marekani. Barua ya oda itaje saizi ya sahani, kasi, nyimbo za kila upande kwa mpangilio, aina ya plastiki na maneno ya lebo. Fundi aombwe pia afute uvumi wowote na ampe mteja nafasi ya kusikia majaribio, iwapo anatoa huduma hiyo. Bei ya nakala moja ni makumi kadhaa ya dola, kabla ya usafiri, na usafiri unaweza kufikia bei ya sahani. Hapa ndipo ndugu aliyepata makazi mapya Marekani, Kanada au Australia anapofaa kuliko kampuni yoyote ya vifurushi. Anaweza kulipa kwa kadi yake, akapokea sahani nyumbani kwake na kumkabidhi msafiri anayekuja Uganda. Kwa anayetumia posta, kifurushi kiandikwe kwa sanduku la posta la Mbarara, si kwa jina la kijiji ndani ya makazi, na ankara iandikwe wazi kuwa ni santuri iliyorekodiwa, kifungu 8523 cha orodha ya forodha. Mamlaka ya Mapato ya Uganda itadai kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 pamoja na ushuru utakaohusika, na bei ya kweli ikiandikwa tangu mwanzo mzozo hupungua.

Kuhusu haki, sheria ya Uganda ya Hakimiliki na Haki Jirani ya mwaka 2006 humpa mwenye wimbo uamuzi wa kunakiliwa kwa kazi yake. Nakala moja ya kuchongwa ni nakala. DJ anayechongesha wimbo wa msanii wa Misiera apate kibali chake kwa maandishi, hata mistari miwili kwenye simu, ikitaja kuwa DJ atacheza wimbo huo hadharani na hatauza nakala. Msanii wa Nakivale asiye na chama wala meneja ana haki sawa na nyota wa Kampala.

Kifurushi kikifika, sahani ikaguliwe kabla ya kuchezwa. Ishikwe kwa kingo na kuinamishwa chini ya taa ya balbu. Mahali ngoma na besi zinapogonga mfereji huonekana umechafuka na kumetameta. Mahali wimbo unaponyamaza pana utepe mweusi laini. DJ mzoefu husoma utepe huo na kujua pa kuweka sindano bila kusikiliza. Ikiwa duara lote linang'aa sawasawa kutoka ukingoni hadi lebo, faili lilikuwa limebanwa mno. Ikiwa kuna mahali mfereji unafifia kabisa, besi haikuwa mono.

Plea inayofaa ni ile yenye mota inayozungusha sahani moja kwa moja, bila mkanda. Technics SL-1200, iliyotoka mwaka 1972, ikasitishwa 2010 na kurudi 2016, ndiyo kipimo cha nyingine zote, na zilizotumika hupatikana. Umeme wake ni mdogo, wati chini ya 20, kwa hiyo hata mfumo wa sola wa Nakivale huihimili; kinachokula umeme ni spika. Tatizo la sola ni inveta. Inveta ya bei ndogo yenye wimbi la kukatwakatwa huleta mngurumo kwenye sauti, kwa vile ishara inayotoka kwenye sindano ni ndogo mno. Inveta ya wimbi safi ni ghali kidogo na inafaa. Plea nyingi za zamani za mkanda hutumia mota inayofuata mzunguko wa umeme, hivyo jenereta ikiyumba, wimbo nao huyumba. Waya wa ethi ufungwe kwenye mikseri, na plea ichomekwe kwenye tundu la phono. Santuri huchongwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti za juu zimeongezwa, kwa kanuni ya RIAA ya mwaka 1954, na tundu hilo ndilo linaloirudisha besi. Kwenye tundu la kawaida wimbo hutoka mwembamba, na kosa hulaumiwa fundi.

Sindano iwekewe uzito anaoutaja mtengenezaji, mara nyingi gramu 3 hadi 4 kwa sindano za ma-DJ. Sarafu juu ya kichwa cha sindano, hila ya zamani ya kuzuia kuruka, hula mfereji. Sindano ikiruka kwenye ukumbi wa mabati wenye spika kubwa, chanzo mara nyingi ni meza. Besi inapita kwenye sakafu, inafika kwenye plea, inachukuliwa na sindano na kurudi kwenye spika kama mvumo unaokua. Dawa yake ni ubao mzito au bapa la zege juu ya sponji nene, plea juu yake, na spika zisimame mbali na meza.

Vumbi la barabara za Nakivale wakati wa kiangazi huingia kila mahali, na chembe moja ndani ya mfereji hugeuka mlio wa kupasuka utakaobaki. Brashi laini ya nyuzi za kaboni ipite kabla ya kila mchezo, na sahani irudi kwenye mfuko wake mara tu inapotoka. Vinili huanza kulegea joto likikaribia nyuzi 60. Ndani ya nyumba ya turubai au bati, juani mchana, joto hilo si la mbali, na garini nyuma ya kioo hufikiwa haraka. Sahani zisimamishwe wima, zisilazwe rundo, ndani ya sanduku la mbao lililo mahali pa kivuli karibu na sakafu. Faili la WAV lililochongwa litunzwe kwenye flashi mbili zilizo mahali tofauti, pamoja na maandishi ya oda: saizi, kasi, mpangilio na jina la fundi. Sahani ikichakaa au ikipasuka, kazi ya kuchonga ya pili huanzia hapo.